Kesi kwa Jina Langu

Wifi yangu hana kawaida ya kunipigia simu asubuhi. Hupiga jioni, akishamaliza kuanua usipa wake, wale dagaa wa ziwani, na tukianza kuongea ni kucheka tu na kuagizana vitu. Kwa hiyo siku ile nilipoona anapiga saa za kazi, nikiwa kwenye karakana yangu ya ushonaji hapa Mbinga, nampima mtoto wa watu sare ya shule, nilijua ni msiba. Nikatoka nje.

"Wifi, ni nani?"

"Nani wa nini?"

"Nani amefariki?"

Akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kutoka kwake, "Hajafa mtu. Umemshtaki baba. Sisi tumekukosea nini?"

Nilimwambia arudie, akarudia. Mtu wa mahakama alikuwa amefika Liuli kwa bodaboda, akaongozana na mwenyekiti wa kitongoji hadi nyumbani kwa wakwe zangu, akamkuta baba mkwe anapakua muhogo na vibarua wawili. Akampa samansi palepale, mbele ya vibarua na majirani waliokwisha kusogea kuona kuna nini, akamsainisha kwamba ameipokea. Baba hakuwa na miwani, akampa wifi amsomee. Wifi akasoma kwa sauti: mdai ni mimi, majina yangu yote matatu. Mdaiwa ni yeye. Namdai gharama zote za kutengeneza gari langu, pamoja na fidia ya usumbufu, pamoja na gharama za kesi.

"Mimi sijamshtaki mtu," nikasema.

"Jina ni lako."

"Sijamshtaki!"

"Basi njoo uwaambie wazee," akasema, akakata simu.

Nilibaki nimesimama pale nje na utepe wa kupimia shingoni. Nawaza mpaka leo kwamba kama angenitukana ingekuwa nafuu.

Nieleze ajali yenyewe, maana bila hiyo hasira yangu haitaeleweka.

Mimi ni Mmatengo, mtoto wa mlimani, nimezaliwa kwenye kahawa. Nimeolewa ziwani, kwa watu wa Liuli. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari Mbinga, na mimi nashona sare za shule. Nilipoona shule za kandokando ya ziwa zinanitafuta, nilichukua mkopo benki nikanunua gari dogo la kubebea mizigo yangu. Benki hawakunipa gari mpaka nikate bima kubwa, ile ambayo hata ukigongwa na asiye na kitu, kampuni inatengeneza. Sikulalamika. Nililipa, nikajiona mtu aliyejipanga.

Siku ya ajali nilikuwa nimetoka kupeleka sare Lipingo, na Mbaha walikuwa wananisubiri kesho yake. Nikalala njiani, Liuli kwa wakwe, kama kawaida. Gari nililiegesha pembeni ya ua wa jikoni, nikaingia ndani kumsaidia mama mkwe kuparua samaki. Shule ilikuwa imetoka, watoto wanapita barabarani kwa makundi, wanapiga kelele zao.

Tukasikia honi. Ilikuwa honi ndefu isiyokatika, inateremka kutoka juu kwenye kona. Mama mkwe akasema, "Hiyo ni ya baba yenu." Kabla hatujafika mlangoni tukasikia kishindo, bati la ua likaanguka, kuku wakaruka.

Baba mkwe wangu alikuwa na pikapu kuukuu iliyombeba yeye na muhogo wake kutoka shamba kwa miaka. Tulipotoka tulikuta pua ya pikapu imeingia ubavuni mwa gari langu, milango miwili imebonyea ndani, vioo vimemwagika, na mihogo imetapakaa uani kote. Yeye alikuwa bado ameshika usukani. Nikadhani ameumia. Nikamwita, "Baba! Baba!" Akageuka taratibu, akaangalia barabarani kwanza, kwenye watoto. Walikuwa wamesimama wote, kimya, mikoba mgongoni.

"Wamepona?" akauliza.

"Wamepona, baba."

Ndipo akashuka. Akaegemea ua. "Breki imekwenda mpaka chini, haishiki," akasema. "Mbele watoto wamejaa njia nzima. Huku gari lako. Nikaona bora gari."

Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau. Akavua kofia yake. Mzee wa kanisa, baba wa mume wangu, mtu ambaye mimi nikimsalimia napiga goti, akavua kofia mbele yangu akasema, "Mama, nimekuharibia mali yako. Unisamehe."

Nilipiga magoti palepale kwenye vioo. "Baba, usiseme hivyo. Ungeacha gari ukagonga watoto? Na hili gari lina bima kubwa, baba. Watatengeneza wenyewe. Wewe usihangaike na chochote."

Hayo ndiyo maneno niliyomwambia. Usihangaike na chochote. Mama mkwe akachinja kuku, tukala, baba akarudia kueleza ile kona mpaka tukaanza kucheka. Mambo yakaisha kifamilia kabisa.

Ila kampuni ya bima ilitaka ripoti ya polisi, na bila ripoti hawatengenezi. Trafiki walikuja, wakapima, wakaandika, wakauliza bima ya pikapu. Ilikuwa imekwisha muda. Baba akapigwa faini kwa bima na kwa ubovu wa gari, akalipa bila kelele. "Hilo ni kosa langu na serikali," akasema. Gari langu likavutwa mpaka Songea, likanyooshwa, likapakwa rangi. Wakala wa bima wa hapa Mbinga aliniletea makaratasi kwenye karakana, akawa ananionyesha kwa kidole: saini hapa, na hapa, na hapa. Nikasaini. Nani hasaini? Gari likarudi linang'aa. Krismasi tulishuka nalo ziwani, baba mwenyewe akalizunguka akiligongagonga milango, akasema mafundi wa Songea ni mafundi.

Baada ya hapo ndipo ikaja hiyo samansi.

Mume wangu alikuwa ameshapigiwa na dada yake. Nilipofika nyumbani nilimkuta amekaa, hajavua hata viatu vya kazini.

"Niambie hujui," akasema.

"Sijui."

"Baba yangu anaitwa mahakamani na mke wangu, na mke wangu hajui."

"Unaniuliza au unanishtaki na wewe?"

Siku zile tulikuwa tunapeana chumvi mezani bila kuangaliana. Nilimkasirikia kuliko nilivyomkasirikia wifi, kwa sababu wifi yuko mbali, amesoma karatasi tu. Huyu analala na mimi.

Nilianza kwa wakala. Akaniambia, "Mama, mimi nauza tu. Madai yanashughulikiwa Songea." Basi nikafunga karakana, wateja na sare zao wakae wasubiri, nikaenda Songea.

Dada aliyenipokea kule alikuwa rika langu, mwenye sauti nzuri, na hilo liliniudhi zaidi, maana nilikuwa nimejiandaa kwa mtu wa kugombana naye. Nikamwambia nimekuja kufuta kesi. Akatafuta kwenye kompyuta, akaipata.

"Hii huwezi kuifuta wewe, dada. Hii ni ya kampuni."

"Kama ni ya kampuni, kwa nini ina jina langu?"

Akanieleza vizuri, taratibu, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Kwamba wao wakishanilipa, haki yangu ya kumdai aliyenigonga inahamia kwao. Kwamba asiye na bima ndiye hufuatwa mwenyewe, kwa kuwa hana kampuni ya kumlipia. Na kwamba mahakamani kesi inabeba jina la aliyegongwa, ndivyo sheria ilivyo. "Ni utaratibu wa kawaida kabisa. Wewe huna gharama wala usumbufu wowote."

"Mdaiwa ni baba mkwe wangu."

Hapo aliacha kubonyeza. Naamini alinionea huruma. "Pole sana, dada. Lakini fomu haina sehemu ya kujaza undugu."

"Ingekuwapo nikajaza, ingesaidia nini?"

Akafikiri. "Isingesaidia."

"Mimi nilishamsamehe. Siku ileile."

"Msamaha wako ni wako, dada. Matengenezo tulilipa sisi."

Nikamwambia basi hilo deni nipeni mimi, nitalipa mimi, kidogo kidogo, muache mzee wa watu. Akasema nikitaka kumsaidia hakuna anayenizuia, lakini mdaiwa atabaki yeye, kwa sababu ndiye aliyegonga. Akaongeza, kwa sauti ileile nzuri, kwamba mkataba unanitaka nishirikiane nao, na nikiwawekea vikwazo wanaweza kunigeukia mimi. Akanigeuzia karatasi nione. Saini yangu ilikuwa pale chini, imekaa vizuri.

"Hili jina ni langu," nikamwambia. "Si muhuri wa ofisi yenu wa kumgongea mtu yeyote mnayemtaka."

Watu waliokuwa kwenye viti wakageuka. Mlinzi akasogea. Yule dada akanisukumia boksi la tishu. Nilikuwa silii. Nilikuwa natetemeka kwa hasira, na yeye alidhani nalia, na hilo likanimaliza kabisa. Nikatoka.

Kwenye basi nikasoma ile hati ya madai yote, kwa sababu nilikuwa nimedai nakala. Kulikuwa na sentensi moja, eti mdaiwa aliendesha kwa uzembe mkubwa bila kujali usalama wa watumiaji wengine wa barabara. Nikaisoma tena na tena. Bila kujali. Mtu aliyegonga ua wa nyumba yake mwenyewe na gari la mkwe wake ili watoto wapite. Aliyeandika hakuwahi kufika Liuli. Hajui ile kona. Na mimi, kwa mujibu wa hati, ndiye ninayesema hayo.

Sisemi baba hakukosea. Breki zile zilikuwa zinamsumbua, na bima alijua imekwisha. Kama angemgonga mtoto, ningekuwa naandika habari nyingine hapa. Hilo nalijua, na yeye alilijua kuliko mimi. Lakini kosa alilofanya ni moja, na maneno yaliyoandikwa ni mengine.

Jumamosi iliyofuata nilishuka ziwani peke yangu. Mume wangu alisema atakuja, nikamwambia abaki.

Kwa wakwe zangu mimi sina kukaribishwa. Huwa naingia moja kwa moja jikoni, navaa kanga ya kazi, nashika kilichopo. Siku hiyo nilipoingia uani, mama mkwe alinyanyuka. Nikapiga goti, "Shikamoo mama." Akaitikia. Kisha akaingia ndani akaleta kiti, akakipangusa kwa kanga yake, akakiweka barazani. "Karibu ukae," akasema. Akamtuma wifi dukani akaninunulie soda.

Nilikaa kwenye kile kiti na ile soda mkononi kama afisa aliyekuja kukagua kaya. Nilisikia visu jikoni, wanaongea chini kwa chini Kinyasa, lugha ambayo nimeisikia miaka yote ya ndoa yangu na bado wakiongea haraka inanipita. Nilitamani mama mkwe anipige. Kweli. Anishike anizabe kofi, nijue bado ni mtoto wake.

Baba alikuwa nyuma ya nyumba, ananoa jembe. Nilimfuata, nikakaa chini, nikamweleza kila kitu: benki, bima, makaratasi, Songea, yule dada. Hakunikatiza. Nilipomaliza akajaribu makali ya jembe kwa kidole.

"Kwa hiyo si wewe," akasema.

"Si mimi, baba."

"Basi ni vizuri."

Angeishia hapo ningeshukuru. Lakini nilikuwa na swali, nikaliuliza. "Baba, wewe uliamini ni mimi?"

Hakuona aibu wala hakuzungusha. "Karatasi ilikuwa na jina lako, mama. Nikasema moyoni, gari ni lake, mkopo ni wake, na mimi ndiye niliyeharibu. Ana haki yake. Sikukulaumu."

Sikukulaumu! Alidhani ananifariji. Yaani mzee huyu, baada ya ile kofia, baada ya yale magoti kwenye vioo, baada ya kuku, alikaa wiki nzima na ile samansi akiamini kwamba mimi nilimwambia usihangaike na chochote kisha nikaenda kimyakimya kumfungulia kesi. Akaona ni jambo linalowezekana. Akanielewa, hata. Ningekuwa naongea na baba yangu mzazi, kule mlimani, ningepiga kelele mpaka majirani wasikie. Lakini huyu ni baba mkwe. Nilisema, "Asante, baba," nikaondoka. Nikachukua beseni la nguo ambazo zilikuwa safi, nikashuka nalo ziwani, nikazipiga kwenye mawe mpaka mikono ikaniuma. Wanawake waliokuwa wanafua pale walisogea pembeni kidogo, wakanipisha. Hakuna aliyeniuliza kitu, maana Liuli nzima ilishajua.

Siku ya mahakama baba alipanda Mbinga na mume wangu akampokea stendi. Tukaenda pamoja, watatu, gari moja, gari lilelile. Baba alivaa koti la kanisani.

Kesi za aina ile hupelekwa kwanza kwenye usuluhishi. Tuliingizwa kwenye chumba kidogo chenye meza moja na mabenchi mawili. Hakimu alikuwa mama mtu mzima. Wakili wa kampuni, kijana mwenye tai, alikuwa benchi la kulia peke yake. Mimi nikakaa la kushoto, pembeni ya baba.

"Mama, huku," wakili akaninong'oneza, akipigapiga benchi lake. "Upande wako ni huku."

"Niko na baba yangu."

Hakimu akaangalia faili, akatuangalia. "Mdai ni nani?"

Wakili akaninyooshea mkono.

"Na mdaiwa?"

Baba akasimama. "Ni mimi, mheshimiwa."

"Mbona mmekaa pamoja?"

"Ni baba mkwe wangu, mheshimiwa," nikasema. "Tumekuja na gari moja."

Hakimu akavua miwani. "Mimi kazi yangu hapa ni kuwapatanisha. Mnagombea nini?"

"Hatugombani. Tulishapatana siku ileile ya ajali, nyumbani kwake. Tukachinja kuku."

Karani akacheka, akajifanya anakohoa. Wakili akasimama haraka akaeleza kwamba mdai halisi ni kampuni ya bima, kwamba jina langu limetumika kisheria tu, na kampuni ndiyo iliyolipa.

"Kampuni yenyewe iko wapi?" hakimu akauliza.

"Naiwakilisha mimi, mheshimiwa."

"Basi wa kupatana na mzee ni wewe. Huyu mama tumwache."

Nilipaswa kunyamaza hapo. Lakini nilikuwa nimebeba ile sentensi kichwani tangu kwenye basi la Songea, nikasimama bila kuruhusiwa. Nikamsomea kwa sauti. Nikamwambia, mheshimiwa, mimi ndiye mdai, jina langu liko juu ya hii hati, na mimi nasema hii sentensi ni uongo. Nikamweleza kona, honi, watoto, mikoba yao mgongoni. Nilisema kwa hasira, nilisikia sauti yangu inagonga ukutani inarudi. Wakili alisema breki ni wajibu wa mwenye gari, watoto wawepo wasiwepo. Nikamwambia wewe umeiona hiyo barabara? Hakimu akagonga meza. Nikakaa. Mume wangu, aliyekuwa kwenye kiti cha mlangoni, alikuwa ananiangalia kwa mara ya kwanza tangu samansi ije.

Hakimu akamgeukia baba. "Mzee, ni kweli pikapu haikuwa na bima?"

"Ni kweli. Ilikwisha, nikasema nitakata nikishauza muhogo."

"Na breki?"

"Zilikuwa mbovu, mheshimiwa. Nilikuwa naongeza mafuta ya breki kila asubuhi. Nilijua. Gari la mama nimeliharibu mimi, na nitalipa. Sina ubishi. Ila naomba jambo moja. Hayo maneno kwamba sikujali watu, yafutwe. Mimi wale watoto niliwaona. Wajukuu zangu wawili walikuwamo."

Hilo la wajukuu wa kule Liuli hakuwahi kutuambia. Nilimgeukia mume wangu, naye alikuwa amefunika uso kwa mkono.

Hakimu alimuuliza wakili kama anayahitaji yale maneno. Wakili akasema mzee akikubali deni, maneno si ya lazima. Ndivyo alivyosema, si ya lazima. Walimwandikia mtu hajali roho za watoto, kumbe hata hawakuyahitaji. Yalikuwa yanakaa tu kwenye kila hati wanayoandika, wakibadilisha majina.

Wakakubaliana. Fidia ya usumbufu ikaondolewa, kwa kuwa aliyesumbuliwa nilikuwa mimi na nilisema sikusumbuliwa naye. Gharama za kesi zikaondolewa. Yaliyobaki baba atalipa kwa awamu, akivuna na kuuza. Yale maneno yakafutwa. Kisha karani akaleta makubaliano ya kusaini, na pa kusaini mdai palikuwa pangu.

"Lazima mimi?" nikauliza.

"Jina ni lako," wakili akasema.

Nikamwomba hakimu niandike pembeni kwamba mimi binafsi simdai baba huyu chochote. Akanitazama vizuri tu, akasema haiwezekani, hati itakuwa na kasoro. Nikasaini. Baba akasaini baada yangu, pole pole, herufi moja moja, kama alivyofundishwa na mapadri.

Pikapu aliiuza kwa fundi mmoja wa Mbamba Bay aliyetaka vipuri. Muhogo sasa anaukodia usafiri, na ukipiga hesabu, shamba lile linamlipa dereva wa watu kuliko linavyomlipa yeye. Tulitaka kumsaidia kulipa awamu, akakataa. Mume wangu akazunguka kwa kumlipia mdogo wake ada ya chuo, ili fedha ile ibaki kwa mzee, na mzee alijua, akajifanya hajui. Mama mkwe hakuniomba radhi wala mimi sikumwomba. Siku moja tu basi lilileta gunia la makopa ya muhogo na ndoo ya usipa mkavu, jina langu limeandikwa kwa mkaa. Wifi akapiga jioni kuuliza kama vimefika, tukaongea mambo mengine.

Lakini huko nje habari imeshatembea na haina breki. Mwaka huo nilipopeleka sare Mbaha, mwalimu aliyepokea mzigo alinitazama akatabasamu, "Kumbe wewe ndiye yule mama wa kesi ya baba mkwe?" Nikamwambia aweke chini zile sare, nikamweleza mwanzo mpaka mwisho, nimesimama juani, dereva niliyemwomba anisaidie siku hiyo ananisubiri. Akasema, "Aa, kumbe." Nikaona kabisa kwamba nikiondoka atasimulia ileile ya kwanza, kwa sababu ndiyo tamu. Sasa hivi wakiniuliza simwelezi mtu. Natoa sare, nachukua fedha yangu, naondoka.

Bima ile bado ninayo, maana mkopo haujaisha na benki ndiyo inayochagua. Wakala alipokuja kuhuisha nilimkalisha kwenye stuli katikati ya wateja nikamwambia anisomee mkataba wote kwa sauti. Alisoma mpaka akaomba maji. Nilisaini, kwa sababu sina pa kwenda, na yeye alijua sina pa kwenda.

Awamu ya mwisho baba aliilipa mwenyewe. Angeweza kutuma kwa simu, lakini alipanda mpaka Mbinga, akapanga foleni benki, kisha akaja kwenye karakana yangu na risiti. Wasichana wangu wakamwamkia, wakampisha kiti. Nikapiga goti. Akanipa ile risiti kwa mikono miwili.

"Mama," akasema, "deni lako limekwisha."

Nilisikia cherehani zote zinanguruma masikioni. Deni langu. Baada ya Songea, baada ya usuluhishi, baada ya kusimama mbele ya hakimu na kupiga kelele kwa ajili yake. Nikasema, "Si langu, baba. Ni la kampuni."

"Ndiyo, la kampuni," akasema, kwa upole, kama mtu anayemkubalia mtoto. "Lakini limekwisha."

Risiti ilikuwa imeandikwa jina langu. Nikaikunja, nikaitia kwenye droo ya vifungo. Nikamtuma msichana alete chai na chapati. Baba alikunywa, akauliza habari za wajukuu, akasifu kahawa ya mwaka huu alivyoiona njiani. Nilimjibu vizuri kila kitu, kama inavyotakiwa. Kisha nikampeleka stendi, nikamkatia tiketi, nikasimama mpaka basi likaondoka, nikarudi kazini huku nimekaza meno.